Prado, boti ya mjomba na chuma cha kuvutia tela

Mjomba alinunua boti ya futi 18 kwa mtu wa Marekani. Ikaja kwa meli na tela lake, ikakaa uani kwake Mbweni wiki tatu ikinyeshewa, kwa sababu Prado yake haikuwa na kitu cha kuivutia. Ijumaa jioni akanipigia.

"Mpwa wangu, chuma nimekipata. Orijino kabisa, kimetolewa kwenye Prado 120 kama hii yangu. Njoo kesho tukifunge, masaa mawili tu tumemaliza."

Kwa upande wa kufunga hakukosea sana. Chuma kilichotengenezwa kwa ajili ya gari husika kinafungika nyumbani, kwa spana za kawaida na mtu mmoja wa kusaidia kubeba. Yaliyotuchosha yalikuwa mengine: gololi (ile tufe ya chuma ambayo kichwa cha tela hukalia), nyaya, breki za tela, na lile swali ambalo kila mwenye gari analijibu kwa kukisia, kwamba gari langu linavuta kilo ngapi.

Nianze na neno "orijino", maana madukani Gerezani linabeba mengi. Chuma cha kiwandani sifa yake kubwa si unene wala nembo. Ni kwamba kinakaa kwenye matundu ambayo kiwanda kiliyaacha tayari kwenye chesi. Prado ina chesi ya ngazi, reli mbili ndefu zenye vyuma vya kukatiza, na ndani ya reli hizo kule nyuma nati zimeshachomelewa zikisubiri bolti. Hutoboi wala huchomelei. Gari kama RAV4, X-Trail au Forester halina chesi ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo chesi. Kwa magari hayo chuma cha tela mara nyingi huingia ndani ya bampa na kuchukua nafasi ya ile boriti ya kupokea ajali, kwa hiyo taa za nyuma na plastiki yote ya bampa lazima zivuliwe. Kazi si ngumu, ila klipu za plastiki zilizopigwa jua miaka kumi huvunjika ukizigusa. Nunua mpya kabla ya kuanza.

Kabla sijafika, fundi wa jirani alikuwa ameshamshauri mjomba asihangaike na bolti: tuchomelee tu, haitoki milele. Ushauri huo unasikika sana kwetu na siupendi. Moto wa kuchomelea hubadilisha chuma pembeni mwa mshono, na reli ya chesi imeundwa ipinde kidogo na kurudi kila gari linapopita kwenye shimo. Ukiikakamaza sehemu moja, mzigo wote wa kupinda unahamia pembeni ya mshono, na ufa huanzia hapo hapo, taratibu, chini ya rangi, pasipo mtu kuona. Bolti ikilegea inaonekana na inakazwa. Chesi iliyopasuka utaijua tela likiwa limeshajitenga nawe.

Kuna kitu kingine cha kuchunga kwenye magari yaliyotoka Japani: vile vipete vinavyoning'inia chini ya bampa la nyuma. Watu wengi huvidhania ni vya kuvutia. Vingi ni vya kulifunga gari lisiserereke melini. Vinatosha kulizuia gari lililosimama, havikupimwa kwa mzigo unaoruka nyuma yako barabarani. Kwenye Prado ya mjomba vilikuwa vimekalia palepale panapotakiwa chuma, kwa hiyo vilitoka vya kwanza.

Basi Jumamosi asubuhi tukaweka mawe kwenye magurudumu, tukavuta hendibreki, nikalala chini. Mvungu una nafasi ya kutosha, hatukulazimika kulipandisha gari. Ungelazimika, ni stendi, usiamini jeki peke yake. Nikafuta matope kwenye matundu ya chesi, nikapulizia mafuta ya kulegeza kutu, nikasubiri chai iive.

Hapo ndipo kazi ilipotaka kuharibika. Mjomba alikuwa amenunua bolti mpya, nzuri, zinang'aa, M12, yaani za unene wa milimita 12. Nikaishika moja, ikaingia mizunguko miwili kwa mkono, ikakwama. Mtu mwenye haraka angechukua spana ndefu akailazimisha. Nikaitoa nikailinganisha na ile iliyotoka kwenye kipete: unene uleule, lakini meno tofauti. Toyota kwenye bolti nyingi za M12 hutumia meno ya karibu karibu, hatua (umbali wa jino hadi jino) ya milimita 1.25. Bolti ya M12 inayopatikana kirahisi dukani ina hatua ya 1.75. Zinadanganyana kwa mzunguko mmoja au miwili, kisha ya 1.75 inaanza kuyatafuna meno ya nati. Na nati yenyewe iko ndani ya reli, imechomelewa, mkono haufiki. Ukishaiharibu, kazi ya asubuhi moja inageuka kazi ya wiki.

Kingine cha kusoma ni kichwa cha bolti. Kikiwa kimeandikwa 8.8, namba ya kwanza inasema chuma chake kinahimili mvuto wa megapaskali 800 hivi kabla ya kukatika, na ya pili inasema kitaanza kunyooka bila kurudi kikifika asilimia 80 ya hapo. 10.9 ni megapaskali 1,000 na asilimia 90. Chuma cha tela kikitaka 10.9, hiyo ndiyo unayoweka. Bolti isiyo na maandishi yoyote kichwani iache ifungie geti. Tukarudi dukani.

Sasa, kwa nini nisisitize hivi habari ya bolti? Kwa sababu wengi wetu tunaamini bolti hushikilia kama msumari unavyoshikilia ubao, kwamba mzigo unaikata ubavuni. Sivyo. Bolti iliyokazwa sawasawa ni kama springi ngumu sana: umeinyoosha kidogo, nayo inavuta kurudi, na mvuto huo unagandamiza bamba la chuma kwenye reli kwa nguvu kubwa kiasi kwamba msuguano kati ya vyuma viwili ndio unaobeba mzigo. Bolti yenyewe haitakiwi hata kujua kama tela lipo. Mkazo ukipungua, vyuma vinaanza kusuguana, bolti inapigwa huku na huku, inachoka, inakatika.

Kutokana na hilo unaelewa maagizo mawili ambayo watu huyaruka. La kwanza ni kukwangua nta, lami ya mvunguni na rangi nene mahali bamba linapokutana na reli. Vitu hivyo ni laini. Utakaza leo, wiki ijayo rangi imebonyea na kusambaa, na mkazo umekwenda nayo. Ukishakwangua paka rangi nyembamba ya kuzuia kutu, hasa kwa sisi tunaoishi na chumvi ya bahari. La pili ni spana ya kupimia mkazo. Bolti ya M12 ya 10.9 mara nyingi hutaka zaidi kidogo ya Nm 100 (Nm ni nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Namba kamili ni ile ya maagizo ya chuma chako. Kama huna spana hiyo, azima, na wakati huo huo jifunze ukubwa wa namba yenyewe: kilo 20 ukizining'iniza kwenye ncha ya spana ya nusu mita zinatoa karibu Nm 100. Fundi anayesimama kwa miguu yote miwili juu ya bomba la mita moja ameshaipita hiyo mara nyingi, na bolti yake imeshanyooka.

Chuma kina kilo kama 25. Mmoja anakishika kwa jeki ya troli na kipande cha ubao, mwingine anaingiza bolti. Zote ziingizwe kwa vidole kwanza, kila moja mizunguko minne mitano, ndipo uanze kukaza. Ukikaza ya kwanza hadi mwisho, ya tano haitaona tundu lake. Ekzosi ikikuzuia, chomoa mpira wake mmoja kwa maji ya sabuni ishuke kidogo. Plastiki ya bampa tuliikata kwa msumeno wa chuma, tukaibandika utepe wa karatasi kwanza ili mstari unyooke na rangi isichanike. Mjomba alipima mara tatu na mimi nikapima mara ya nne. Hadi adhuhuri chuma kilikuwa juu, mdomo wake wa mraba wa inchi 2 umechungulia chini ya bampa kama ulizaliwa nao.

"Si nilikwambia?" mjomba akasema. Tukalisogeza tela.

Gololi iliyokuja na chuma ilikuwa ya milimita 50, ambayo ndiyo ya Ulaya, na matela mengi ya kwetu huifuata. Kichwa cha tela la Kimarekani kilipigwa muhuri wa inchi 2, yaani milimita 50.8. Kilikaa, kikafunga, kikatoa ule mlio wa kuridhisha. Nikakitikisa kwa mkono, kikacheza. Milimita moja pungufu kidogo inaonekana si kitu uani; barabarani kila tuta linaigonga gololi upande mmoja kisha mwingine, na kinachosagika ni ule ulimi mdogo wa ndani unaozuia tela lisiruke. Dawa yake ni gololi ya inchi 2, ambayo kipimo chake na uzito inaouhimili vimechongwa juu yake. Usiazime kipimo. Na minyororo miwili ya usalama ipite chini ya kichwa ikikatizana kama herufi X, ili kichwa kikitoka kidakwe na minyororo badala ya kuchoma lami.

Kisha nyaya. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo matela ya Marekani yanapotuchanganya.

Kwenye magari ya Japani na Ulaya, indiketa ni taa yake na breki ni taa yake. Soketi yetu ya duara ya pini 7 imejengwa juu ya desturi hiyo: pini 1 ya njano ni indiketa ya kushoto, 4 ya kijani ni ya kulia, 6 nyekundu ni breki, 5 na 7 ni taa ndogo za nyuma, 3 nyeupe ni ethi (njia ya umeme kurudi), 2 ya bluu ni taa ya ukungu. Tela la Kimarekani la kawaida lina plagi bapa ya nyaya nne: nyeupe ya ethi, kahawia ya taa ndogo, njano ya kushoto, kijani ya kulia. Breki iko wapi? Iko ndani ya njano na kijani. Taa ileile inayowaka kwa breki ndiyo inayomemeteka kwa kona. Ukiunganisha rangi kwa rangi, tela litamemeteka vizuri sana na halitawaka hata mara moja ukikanyaga breki. Anayekufuata nyuma hatajua.

Kinachotakiwa katikati ni kibadilishi, kiboksi kidogo kinachopokea indiketa mbili, breki na taa ndogo kutoka kwenye gari, na kutoa njano, kijani na kahawia za tela. Tafuta kile kinachochukua umeme wake moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi, kisha nyaya za gari ziwe za kukipa ishara tu. Sababu ni kwamba nyaya za taa za nyuma zilipimwa kwa taa za gari, hazikupimwa kwa taa za gari na za tela pamoja. Kwenye magari mapya ambayo kompyuta inazikagua balbu, kugusa waya ovyo huleta taa za onyo kwenye dashibodi. Huko ni lazima kiboksi cha gari lenyewe, na mara nyingine kompyuta ielezwe kwamba sasa kuna tela.

Ethi isikudanganye. Ukiwasha indiketa na taa ndogo zikaanza kucheza nazo, au ukikanyaga breki kila kitu kikafifia, usianze kubadilisha balbu. Ni waya mweupe haujashika chuma safi, na umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia taa nyingine.

Tela letu lilikuwa na waya wa tano, wa bluu. Hatukuwa na pa kuuweka, tukaufunga kwa utepe tukaendelea. Jioni mjomba akajaribu kulirudisha tela uani, getini kuna mwinuko mdogo. Likagoma. Akaongeza mafuta, magurudumu ya Prado yakachimba mchanga, tela limesimama kama ng'ombe aliyekataa zizi.

Matela mengi ya boti ya Marekani yana breki za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma kichwa chake mbele, msukumo huo unabana haidroliki na breki zinakamata. Hazihitaji waya wowote. Lakini ukirudi nyuma kwenda mwinukoni, wewe ndiye unayesukuma kichwa, na tela haliwezi kutofautisha. Breki za diski zinakamata. Waya wa bluu unaunganishwa na taa ya kurudi nyuma. Ukiweka rivasi, waya huo unaiamsha vali na breki hazikamati. Nikauunganisha, tela likaingia getini kwa utulivu. Kwa bahati nzuri kwenye mteremko wa kuingilia majini shida hiyo haitokei, kwa sababu hapo tela linaning'inia kwenye gololi, halisukumwi. Kwa hiyo unaweza kuchomoa plagi kabla ya kuzamisha, jambo ambalo nalipendekeza kama taa ni za balbu: balbu yenye moto ikikutana na maji baridi hupasuka.

Lilibaki swali la kilo, na mjomba alikuwa na jibu lake: chuma kimeandikwa kilo 2,500, basi gari linavuta 2,500. Maandishi yale yanahusu chuma tu. Kinachotawala ni namba ndogo kuliko zote, kati ya ile ya gari, ya chuma, ya gololi, ya kichwa cha tela na ya matairi ya tela.

Na namba ya gari yenyewe si sifa ya chuma kama urefu ulivyo sifa ya mtu. RAV4 haibridi iliyotoka 2019, yenye kuendesha magurudumu yote, Ulaya imeandikiwa kuvuta kilo 1,650. Marekani imeandikiwa pauni 1,750, kama kilo 794. Chini ya nusu. Kila upande unaahidi kitu tofauti. Ulaya hudai, pamoja na mengine, kwamba gari na tela viweze kuondoka mara tano ndani ya dakika tano kwenye mwinuko wa asilimia 12, kisha barabarani tela huenda taratibu. Ujerumani kikomo cha kawaida ni kilomita 80 kwa saa. Marekani wana kipimo cha SAE J2807, cha chama cha wahandisi wa magari, ambacho Toyota walikianza kwa magari ya 2011: gari lipande mwinuko wa Davis Dam kule Arizona, zaidi ya kilomita 18, katika joto la nyuzi 38, kiyoyozi kimefunguliwa hadi mwisho, bila mwendo kushuka chini ya maili 40 kwa saa. Mwinuko kama huo hauangalii chuma cha nyuma. Unaangalia rejeta na mafuta ya giaboksi. Ndiyo maana "kifurushi cha kuvutia" cha kiwandani huwa kinaongeza kipoozeo cha mafuta ya giaboksi, feni kubwa zaidi, pengine springi za nyuma. Ukinunua chuma peke yake umenunua kipande kimoja cha kifurushi. Kwa kuvuta boti kutoka Mbweni hadi majini haina neno. Kwa kuipandisha mlima wa Kitonga mwezi Novemba, ningeweka kipoozeo kwanza.

Tofauti nyingine ni uzito unaokaa juu ya gololi. Marekani, kwa sababu ya mwendo wao, wanataka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela ikandamize gololi. Uingereza hushauri kama 5 hadi 7. Ukiwa mdogo mno, tela huanza kutikisa mkia, na mkia huo ukishaota kasi unalivuta gari zima. Ukiwa mkubwa mno, gari linakaa kitako. Hesabu yake ni ya mizani ya sokoni: Prado 120 ina mita 2.79 kati ya ekseli. Tuseme gololi iko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kilo 100 juu ya gololi zinaiongezea ekseli ya nyuma kilo 143, na zile 43 za ziada zimenyanyuliwa kutoka magurudumu ya mbele, yale yanayokata kona na kufanya kazi kubwa ya breki.

Tuliupima kwa mzani wa bafuni, tela likiwa limelala sawa, ubao juu ya mzani na kichwa juu ya ubao: kilo 58. Boti, injini na tela vyote pamoja, kwa karatasi zake, ni kilo 1,080. Asilimia 5 na kidogo. Tukasogeza tangi la mafuta na nanga mbele, mzani ukasoma 84. Mkazamjomba alikuwa amesimama barazani akituangalia tunavyopima boti kwa mzani wake, hakusema kitu, ila alipoombwa rangi ya kucha aliuliza tunataka ya nini.

Ya kuchora mistari. Nilipaka mstari mmoja mwekundu kwenye kila bolti, kutoka kichwani hadi kwenye bamba, ili bolti ikizunguka hata kidogo mstari ukatike. Maagizo mengi hutaka bolti zikaguliwe tena baada ya kuvuta kidogo, na mengine hutaja kilomita 1,000. Nilirudi baada ya mwezi, nikalala mvunguni na tochi. Mistari yote ilikuwa imenyooka isipokuwa mmoja, upande wa kulia, ile bolti ya mwisho niliyoifunga adhuhuri ikikaribia, pale nilipoona uvivu kukwangua rangi yote. Niliifungua, nikakwangua, nikakaza tena, nikamrudia mkazamjomba na kichupa.